"Kwani unanunua gari au unasahihisha insha?" Nimeambiwa mimi, leo, mbele ya fundi wangu!

Wakuu, salamu nitatoa kesho. Nimeshuka kwenye bajaji sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka.

Kuna dalali mmoja wa magari. Simtaji, mnamjua. Yule wa herufi kubwa mwanzo mwisho, nukta hana, mkato hana, na kila tangazo anamalizia na WAI SASA. Wiki iliyopita kaweka hili:

"IST KARI SANA AINA TATIZO MWAKA 2010 INJINI AIJAWAI KUFUNGULIWA FULU AC ILIKUA YA MDADA NI KUWASHA NA KUONDOKA BEI NJOO INBOKSI MTEJA SILIASI TU WAI SASA"

Rudieni hapo. AINA TATIZO. Kuna gari aina ya Toyota, kuna aina ya Nissan, huyu anauza aina ya Tatizo! Amekula herufi moja tu, h, na kumbe hiyo h ndiyo ilikuwa uongo wake wote.

Mke wangu alisema usiende, mtu aliyeshindwa kumaliza "haina" hawezi kumaliza sevisi. Nikaenda. Tegeta mpaka Mbagala Rangi Tatu, daladala, daladala, bajaji, na fundi nimemlipa elfu thelathini ya siku nzima.

Tunafika, naikuta ni ile IST ya umbo la zamani. Umbo lile Toyota walianza kulitoa 2002, wakaliacha 2007 ilipokuja mpya. Sasa 2010 imetoka wapi? Nikauliza kwa adabu kabisa. Akasema, "Makosa ya kuandika hayo." Kadi ina jina la mwanaume, na si yeye. Mdada yuko wapi? "Makosa ya kuandika." AC inapuliza joto, ungeweka chapati pale ingeiva upande mmoja kabla hujafika Kurasini. Fundi akafungua boneti: gundi nyekundu ya gasketi imetapakaa juu ya injini, mbichi, inanata kidoleni. Injini ambayo haijawahi kufunguliwa!

Nikamwambia, "Kaka, basi tangazo lako zima ni makosa ya kuandika."

Akanigeukia. Mbele ya fundi wangu, mbele ya vijana waosha magari, mbele ya mama ntilie na wateja wake wote: "Kwani braza, unanunua gari au unasahihisha insha?"

Wakacheka. Mama ntilie aliweka mwiko chini ili acheke vizuri. Na fundi wangu akacheka! Mtu niliyemlipa elfu thelathini!

Unasahihisha insha. Mimi, mwenye hela mfukoni.

Kuanzia leo tangazo kwangu ndiyo gari lenyewe. Mtu anataka milioni tisa zangu na hajapata dakika moja ya kurudia mistari minne aliyoandika mwenyewe, huyo oili kaibadilisha lini? Maji ya rejeta kayaangalia lini? Mwenye gari lake anayelijali anakuandikia namba ya usajili, injini ni cc 1290 au 1490, kilomita ngapi, kadi ina jina la nani, bampa limechubuka wapi, bei hii hapa. Basi. Sijaomba Kiswahili cha BAKITA.

Unasahihisha insha! Kwa sauti ile! Nawasilisha.

Babu Kimara: Pole mkuu. Ila "sevisi" ni matengenezo. Nimekupa 43 kwa 100, Jumatatu uje na mzazi.

Mtoto wa Gerezani: Hahahaaa "mama ntilie aliweka mwiko chini". Tuliza mshono mkuu, dalali kakumaliza.

Spana 14: Mimi wanaonitibua ni wa NAMBA E KAMA MPYA. Hiyo E ya kwenye namba ya usajili inakuonyesha gari limeandikishwa lini hapa nchini, si limetengenezwa lini. Gari la 2003 linashuka leo bandarini, linapewa namba mbichi, watu wanalipapatikia.

Binti Malagarasi: Baba yangu anaandika "gali" tangu nimemjua, na Raum yake haijawahi kulala njiani. Msihukumu watu kwa r na l.

Mleta uzi: Dada yangu, r na l nimemsamehe palepale. 2010 si r na l. Gundi si r na l. Na ile ya insha sisamehi mpaka naingia kaburini.

Kobe Mwendokasi: Picha ya gundi iko wapi? Bila picha hii ni chai, tena haina sukari.

Mpangaji Sugu: Nyie wa magari mna raha. Njooni kwa madalali wa nyumba. "MASTA SEBULE JIKO LUKU YAKE TABATA DAKIKA TANO TOKA KITUONI." Nimelipa elfu kumi ya kuonyeshwa. Jiko ni kona ya korido. Dakika tano ni za bodaboda asiye na breki. Na luku, mita ya umeme, kweli ni yake, ya mwenye nyumba!

Spana 14: Hahaha LUKU YAKE. Kanichapa hivyohivyo Kinyerezi.

Babu Kimara: Wa viwanja mmewasahau? "KARIBU NA LAMI." Lami tuliiona kutoka juu ya mwembe.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye insha. Nimetukanwa mimi leo.

Binti Malagarasi: Mpangaji, hicho cha Tabata bado kipo? Kodi ni ya miezi mitatu au sita?

Mpangaji Sugu: Sita. Ila wahi, kuna mwingine kaenda kukiona jioni hii.