Vifaranga 12 wa siku moja: balbu, jiko la mkaa au mama kuku?

Mwanabanda
Wakuu, salaam. Vifaranga 12 wa siku moja, boksi kubwa la karatasi ngumu, na njia tatu za joto: balbu, jiko la mkaa, au kuku anayeatamia tayari. Kwa anayeanza, ipi aikimbie na kwa nini?

Kisusi
Jiko liondoe. Linafaa mamia ya vifaranga kwenye chumba kipana kinachopitisha hewa. Kwenye chumba kidogo mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Vifaranga wanasinzia na kufa kimyakimya. Ukifungua madirisha kuitoa, na joto nalo limeondoka.

Kwa 12, balbu ya kawaida ya wati 60 hadi 100 inatosha kama chumba hakina baridi kali. Ile nyekundu ya wati 250 ndani ya boksi ni kutafuta moto. LED nayo usihangaike nayo, inatoa mwanga tu. Itundike kwa mnyororo, si kwa waya wake wa umeme, na uifunge mara mbili. Iwe upande mmoja wa boksi, kamwe si katikati: kifaranga awe na pa kukimbilia joto likizidi.

Kipimajoto kiwe sm 5 juu ya maranda, chini ya balbu. Wiki ya kwanza nyuzi 33 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki kwa kupandisha balbu, mpaka ufike 21 hivi.

Tetea
Sawa mkuu, ila kipimajoto kinasoma sehemu moja tu. Wakirundikana chini ya balbu na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakitawanyika ukutani, mabawa yamelegea na midomo wazi, punguza joto. Wakijazana upande mmoja hata kama joto ni zuri, tafuta upepo unapoingilia. Na kona za boksi zizibe kwa vipande vya karatasi ngumu ziwe duara. Usiku ndipo wanapolaliana na wa chini kukosa pumzi.

Kesho yake baada ya kuwaingiza, shika vifaranga kadhaa, papasa kifuko cha chakula chini ya shingo. Kikiwa kimejaa na laini, mambo safi. Kigumu: wamekula bila maji. Kitupu: hawajapata chakula, au baridi imewazuia kutoka chini ya balbu.

Manyoya
Mbona mama kuku mnampita? Kwa idadi hii ndiye bora: halipi bili, na umeme ukikatika hana habari. Ila hakikisha anaatamia kweli. Ingiza mkono chini yake jioni: tumbo liwe la moto na limenyonyoka manyoya, avimbe, agune, lakini asitoke. Awe amelalia wiki mbili na zaidi. Anayeinuka ovyo achana naye.

Vifaranga wawe wa siku moja au mbili, si zaidi. Wapenyeze gizani mmoja mmoja huku ukitoa mayai. Alfajiri uwepo: akidonoa kichwa kwa nguvu, watoe wote mara moja. Kwa hiyo boksi na balbu viwe tayari pembeni hata ukimchagua yeye.

Kisusi
Nakubali, kwa sharti moja: utitiri na chawa. Kagua chini ya mabawa na kuzunguka njia ya haja, mtibu siku kadhaa kabla. Kifaranga hana damu ya kugawa.

Mwanabanda
Na chakula? Mama ale cha kutagia, wao cha vifaranga?

Tetea
Hapana, wote wale cha vifaranga. Hatagi kwa sasa, na kalisi nyingi ya chakula cha kutagia inaharibu figo za wadogo. Maji yatangulie chakula. Chovya mdomo wa kila mmoja, na weka kokoto kwenye chombo wasizame. Sakafu iwe maranda sm 5. Unga wa mbao wanaula, na gazeti linateleza, miguu inapanuka.

Kinyesi kikiganda nyuma, lainisha kwa maji ya uvuguvugu ndipo ufute. Ukivuta unachana ngozi.

Manyoya
Kuanzia wiki ya tatu ogopa maranda mabichi karibu na chombo cha maji, hapo ndipo koksidiosisi, ugonjwa wa kuharisha damu, inapokolea. Toa yaliyolowa kila siku, inua chombo kifike usawa wa migongo yao. Ukiona damu kwenye kinyesi, ni dawa ya amprolium kwenye maji siku hiyohiyo, kipimo cha kwenye pakiti. Chanjo ya magonjwa ya kideri na gumboro panga na daktari wa mifugo. Ya kunyweshwa isichanganywe na maji yenye klorini, inakufa kabla hawajainywa.

Mwanabanda
Mama kuku basi, balbu ikae tayari. Leo jioni naanza na utitiri.