Tupeane uzoefu: "nimepotea" yako ilikuwa ya namna gani?

Bandugu, jana huku mtaani Birere mama mmoja kaniita: "Weye, umepotea sana!" Na mimi sijatoka Goma, mji wetu huku mashariki mwa Kongo, hata kufika Sake, mji wa jirani. Kwetu mtu anapotea kwa wenzake huku mwenyewe anajua aliko. Lakini kuna kule kupotea kwingine, uko kwenu na hupajui. Nani yamemkuta? Naanza mimi.

Januari 2002, volkano ya Nyiragongo imekata mji katikati. Tumerudi toka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, mawe meusi bado yanafuka moshi, nyumba za ghorofa zimemezwa chini. Natafuta avenii niliyozaliwa. Nikamuuliza baba mmoja, hapa ni wapi? Akasema, nami nilitaka kukuuliza wewe. Njia ndiyo iliyopotea, si mimi, ila miguu haikujua hivyo.

Motari (dereva wa pikipiki) wa Ndosho: Kwetu hilo neno ni marufuku. Ukisema "nimepotea" mteja anapunguza pesa. Sema "tupitie huku, kule kuna poto-poto, matope".

Mwanafunzi, sasa Lubumbashi: Goma ukichanganyikiwa unainua macho: volkano kaskazini, ziwa kusini. Huku ni tambarare tupu. Wiki ya kwanza nilizunguka kama kuku mgeni, mpaka jirani akanionyesha bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini. Akasema, shika hivyo viwili. Sasa ndiyo Nyiragongo yangu.

Mwalimu, Katindo: Someni Luka 15. Kondoo kapotea, sarafu imepotea, mtoto kapotea. Ila jina la "mpotevu" wahubiri wamemwachia mtoto peke yake, maana yeye alifunga mizigo kwa akili zake. Aliyepotea tunamtafuta; mpotevu tunamsema.

Mama wa Kituku: Tarehe 27 Mei 2021, tulipoambiwa tuhame kwa sababu ya volkano, njia ya Sake ilijaa watu, magodoro, mbuzi. Mkono wa mtoto ukanitoka. Sikulia "mtoto amepotea". Nililia "nimepotelewa", kwa sababu uchungu ulikuwa wangu. Nimezunguka mpaka giza. Nikamkuta juu ya chukudu ya mtu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anatafuna muhindi, hana hata chozi. Ananitazama: "Mama, ulipotelea wapi?"

Motari wa Ndosho: Na muhindi ulilipa?

Mama wa Kituku: Mwenye chukudu alikataa pesa. Nilimbebea mtoto wake mpaka Sake.