Tupeane uzoefu: ibada ya kweli uliiona lini, na wapi?

Wa Chumbageni:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na ndugu zetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Jumapili hapa Tanga tumeimba sifa, tumeruka mpaka mashati yamelowa. Kinanda kikapoa, mwongozaji akasema, "Sasa tuingie kwenye ibada." Mzee niliyekaa naye akaninong'oneza, "Kwani tangu saa tatu tulikuwa wapi?" Nimecheka, ila swali halijaniachia.

Mwanamke Msamaria wa Yohana 4 naye alianza na mahali: mlima huu au Yerusalemu? Akajibiwa habari za roho na kweli. Sisi ubishi tumeuhamishia kwenye spika, wa liturjia huku, wa mapambio kule. Leo sitaki huo. Leta kisa ulichokiona mwenyewe. Mwenye mahubiri aanzishe uzi wake.

Machungwa:
Amina. Mimi Mlutheri, Muheza. Kuna ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wanagombea shamba la michungwa la marehemu baba yao. Hata salamu hakuna. Siku ya Chakula cha Bwana yule mkubwa alikuwa kwenye foleni, kabakiza watu wachache kufika mezani, akageuka. Akatoka nje, akadaka bodaboda. Tulidhani tumbo.

Kumbe kaenda kwa mdogo wake. Ile ya Mathayo 5, iache sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako, tumeisikia wote tangu kipaimara. Kuona mtu anaitii, kavaa suti, mchana kweupe, mimi ilikuwa mara ya kwanza.

Mdogo hakufungua mlango. Mkubwa alikaa barazani pale mpaka jua likageuka, akaenda zake nyumbani bila kushiriki meza. Kesi bado iko baraza la ardhi. Lakini ukiniuliza nani aliabudu siku ile, kwaya siitaji, na ilikuwa imeshona sare mpya.

Alto wa Ngamiani:
Naona waimbaji tunasemwa kwa mafumbo, haya nami niseme. Mwaka niliofiwa na mwanangu sikuweza kusali. Nafumba macho, maneno hayaji. Nilichoweza ni kusimama na wenzangu kwaya, wakaimba, nami nikadandia pale nilipoweza. Kwa nini mtoto kaondoka sijajibiwa mpaka leo. Kwa hiyo anayelia kwenye pambio la polepole msimwite mwigizaji. Hamjui kaamkaje.

Wa Chumbageni:
Dada, pole sana. Sijasema nyimbo si ibada. Kinachoniudhi ni taa kuzimwa na mpiga kinanda kuambiwa "shusha hapo" ili watu walie kwa ratiba. Zaburi zenyewe zinaagiza matari na matoazi, hivyo kelele si dhambi. Ila Mungu huyohuyo ndiye anayesema katika Amosi 5, niondoleeni kelele za nyimbo zako. Soma sura yote uone kilichomchukiza: maskini wanakanyagwa na rushwa inapokelewa langoni. Sauti haikuwa na kosa.

Mpita njia, Pongwe:
Kwetu siku ya mavuno mkungu wa ndizi ulinadiwa mpaka ukafika bei ya mbuzi, kwa sababu watia nia wawili wa udiwani walikaa viti vya mbele. Makofi mpaka bati likatikisika. Hiki nikiweke fungu gani?

Machungwa:
Fungu la kampeni, mkuu.

Mjukuu wa Misheni:
Milele amina. Niko Bagamoyo. Wageni wanakuja kupiga picha mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, wakimaliza wanaondoka. Wachache wanafika makaburini kwa wamisionari wa Roho Mtakatifu, walioanza misheni hii mwaka 1868. Walikomboa watumwa, wakawajengea kijiji, na wengi wao walikufa vijana, kwa homa.

Bibi yangu alitufundishia ibada hapo makaburini, kwa jembe na fagio. Kupalilia kwanza, rozari baadaye. Mjukuu aliyeanza na rozari ili akwepe jembe alirudishwa kwenye magugu.

Kwenye jumuiya yetu ndogondogo jirani mmoja, mama wa Kiislamu, aliugua muda mrefu. Zamu ya kumtekea maji tuliipanga katikati ya sala. Mwenyekiti alikataa tusifanye ishara ya msalaba ya kufunga kabla ya majina kuandikwa. Anatujua. Tukishafunga, kila mtu na njia yake.

Mama wa Raskazone:
Nyie mnabishania sauti, mwanangu ni kiziwi. Miaka yote alikaa benchi la nyuma akitazama midomo ya watu. Kisha binti mmoja, mwalimu wa shule ya Jumapili, akajifunza lugha ya alama. Sasa mahubiri anayapata, na Baba Yetu anaisali kwa mikono, anamaliza kabla yetu. Pambio likianza anakwenda kuweka kiganja kwenye spika, wazee wa kanisa wamechoka kumrudisha.

Binti huyo anaolewa, anahamia Dodoma. Anayejua kanisa hapa Tanga mjini lenye mkalimani wa alama, dhehebu lolote, aniambie.