Mrejesho: kadi za picha kwa mwanangu asiyeongea

Habari zenu wapendwa. Niliomba ushauri kuhusu mwanangu wa miaka 6 mwenye usonji. Haongei, akitaka kitu analia au anakuvuta mkono. Mlinishauri nianze na kadi za picha, na kwa kweli Mungu awabariki.

Tulianza na anachokipenda kuliko vyote, ndizi mbivu. Nilipiga picha ndizi yetu ya nyumbani, nikaichapisha steshenari, nikaibandika kwenye kipande cha boksi na kuizungushia selotepu. Mimi nakaa mbele yake na ndizi, dada yake nyuma, anamwongoza mkono aokote kadi aniwekee kiganjani. Papo hapo nasema "ndizi" na kumpa kipande. Hatumuulizi "unataka nini?", maana tunataka aanze yeye mwenyewe. Dada yake akawa anapunguza msaada kidogo kidogo mpaka akaacha. Ndiyo njia iitwayo PECS, yaani mawasiliano kwa kubadilishana picha, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost.

Sasa ana kadi ya maji, ya bembea na ya choo. Juzi alinifuata jikoni, akanivuta kanga, akanipa kadi ya maji. Hakulia. Niliyelia ni mimi.

Kwa mliohofia kuwa kadi zitamfanya asiongee kabisa, kwetu haijawa hivyo: akitoa kadi ya maji ameanza kusema "ma".

Choo ndiyo bado. Kadi anaileta akishajikojolea. Aliyevuka hapo, alifanyaje?