Betri ya simu imevimba, niitupe wapi?

Wakuu, nimefungua droo nikakuta simu yangu ya zamani mgongo umebinuka, kioo kimeachia upande mmoja. Naogopa hata kuigusa. Nitupe tu kwenye taka?

— Usithubutu! Hiyo ni lithiamu, ikibanwa kwenye gari la taka inawaka. Usiichaji, usiitoboe. Iweke kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, kisha uwapelekee wanaopokea taka za elektroniki. Waambie mapema imevimba.

— Zile ndogo za rimoti zikivuja unga mweupe, vaa glavu. Unawasha ngozi, mimi shahidi.

— Ahsanteni. Nimeshaifukia mchangani. Mke wangu kapita, kaniuliza napanda nini.