Tupeane uzoefu: gari ya kila siku na gari ya ndoto, tulioko Tanga

Assalaam alaykum wakuu, na wengine habari za jioni.

Nina Starlet ya gia tano za mkono, injini 4E ya cc 1,300. Huu mwaka wa saba niko nayo. Ukutani chumbani nimebandika picha ya Supra iliyotoka 1993, ile yenye injini ya 2JZ na turbo mbili, tangu nikiwa sekondari. Nimekaa na kalamu si mara moja kuitafutia njia ya kufika bandarini: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa kuwa injini inapita cc 2,000, uchakavu asilimia 30 kwa gari iliyozidi miaka 10, kisha VAT asilimia 18 juu ya mrundikano wote huo. Hapo bado bima, bado tairi. Nafunga daftari.

Lakini kilichonifungulisha uzi huu ni barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Majuzi nilipanda peke yangu alfajiri kumfuata mama mkwe Soni, malori ya mboga hayajaanza kushuka. Ukungu umeshika bonde, kioo nimeshusha. Kona inakuja, breki, gia ya pili, unakanyaga hadi mizunguko 5,500, ya tatu, breki tena. Kokoto moja likiwa chini ya tairi unalisikia kiganjani. Kulia mwamba, kushoto bonde. Mshale wa spidi haukuvuka 50, na gari nzima ilikuwa inafanya kazi, hakuna nguvu iliyobaki bure. Supra ya nguvu za farasi 280 pale ungeigusa robo tu, roho ikiwa mkononi.

Mimi napenda magari kwelikweli, na msimamo wangu ni huu: raha ya kuendesha unaipata kwenye gari unayoweza kuumaliza uwezo wake. Nipingeni kwa mlichomiliki. Ilikupa nini, na ilikula nini?

Mdau, Raskazone

Nakupinga mkuu, kwa heshima zote. Nina Altezza RS200, injini 3S-GE, gia sita, farasi 210. Niliuza kiwanja kidogo Kange nikaichukua, ndugu wakanisema mwaka mzima. Klachi ilipoisha niliagiza Dar, nikaipokea kwenye basi baada ya siku nne, na siku nne zote hizo nilitembea kwa bodaboda.

Sijajuta. Wewe unahesabu kona, mimi nahesabu asubuhi. Nikifungua geti nikaiona imekaa pale, imeinama kidogo mbele, siku yangu imeshakuwa nzuri kabla sijaiwasha. Hilo huwezi kuliweka kwenye daftari. Jumamosi njoo uiendeshe, halafu urudi hapa useme.

Mwalimu, Muheza

Mimi Passo, cc 996, haifiki hata kiwango cha ushuru wa bidhaa wa injini. Msimu wa machungwa inabeba magunia mawili nyuma na watoto watatu, na inanusa tu mafuta. Nayapenda sana magari ya viti viwili, Mazda MX-5 hasa, lakini nikiiona nawaza hawa watatu wangekaa wapi. Kwa hiyo kaka zangu, ndoto nyingine zinasubiri watoto wamalize shule, na si vibaya zikisubiri.

Mdau, Pongwe

Mimi nilinunua kwa macho. Milango miwili, spoila, rimu kubwa, wakala akaniambia hii ni gari ya michezo. Ilikuwa Cynos. Fundi alipofungua boneti tukakuta 4E, injini ileile ya Starlet ya mleta uzi! Nililipia umbo. Wakuu, fungueni boneti kabla ya kufungua pochi.

Fundi, Mabawa

Nawasoma tangu jana, ngoja niseme ninayoyaona chini ya gari.

Adui wa gari hapa kwetu ni chumvi. Gari inayolala karibu na bahari, iwe IST au ya ndoto, inaliwa kwa chini huku juu inang'aa. Mwezi uliopita nililetewa gari ya turbo, rangi safi kama imetoka jana. Nikainua kapeti ya dereva, nikagusa sakafu kwa bisibisi pale kwenye kona ya mlango. Ikapita. Sikutumia nguvu, ilipita kama kwenye mkate, nikaona mchanga wa gereji kupitia lile tundu. Kijana aliyekuja nayo akakaa chini kwenye tairi, hakusema kitu. Akiba yake yote ilikuwa pale.

Na oili yake ilikuwa nzito, nyeusi tii. Turbo inalainishwa na oili hiyohiyo ya injini. Ukichelewesha kubadili, au ukitoka safari ndefu ukazima papo hapo bila kuiacha ipoe dakika moja, oili inaungulia mle ndani na shafti inaanza kucheza. IST yenye injini 1NZ inaendesha valvu kwa cheni, hukumbuki hata kama ipo. Altezza ina mkanda, na mkanda una tarehe yake. Kijana wa Raskazone, wako umebadilishwa lini?

Simkatazi mtu. Nasema tu bei ya kununua ni nusu ya habari.

Mzee, Chumbageni

Wanangu, mnazungumza kana kwamba gari la michezo ni la lami tu. Datsun 240Z, milango miwili, boneti ndefu, lilishinda Safari Rally 1971 na likarudia 1973, na sisi tulifuatilia redioni hatulali. Tope na vumbi la Afrika Mashariki. Lakini pia Peugeot 404, gari la familia, lilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Wote wawili mna haki.

Mdau, Raskazone

Fundi, mkanda sijaugusa tangu ninunue. Nakuja kesho.

Mleta uzi

Nimerudi wakuu. Jumamosi nimeiendesha Altezza hadi Pongwe na kurudi. Gia inaingia fupi, inagonga mahali pake kama kitasa cha mlango mzuri. Gia ya sita niliigusa mara moja nikairudisha, maana vijijini ni 50 na trafiki walikuwepo na tochi yao. Nilipozima, mkono ulikuwa unatetemeka. Hilo la asubuhi nimelielewa ndugu yangu, nimekukubalia. La kona za Soni bado nalishikilia.

Fundi, Jumatatu nakuletea Starlet. Miaka saba sijawahi kuinua kapeti yake. Uiinue mbele yangu.