Ushauri: doria zikiongezeka, wizi nao unapanda kwenye modeli yangu (kata 41, Jiji la Dodoma)

Mgeni wa Iyumbu

Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye tasnifu ya uzamili wa uchumi. Swali langu: je, doria za polisi zinapunguza uvunjaji wa nyumba Dodoma mjini? Data ninayo kwa kata zote 41, miezi 36, jumla mistari 1,476. Kila mstari una idadi ya RB (taarifa zilizoandikishwa polisi) za uvunjaji, saa za doria, na idadi ya watu ya Sensa 2022. Nimeendesha OLS (regresheni ya kawaida ya mstari), kigeu tegemezi, yaani ninachoeleza, ni RB kwa kila wakazi 1,000. Koefishenti ya doria, yaani namba ya athari yake, imetoka chanya, tena na nyota tatu (si bahati nasibu)! Nimeongeza mvua, bei ya mahindi na umbali wa kituo, haitaki kushuka chini ya sifuri. Msimamizi kaandika pembeni: "Haiingii akilini, rudi kwenye data." Nirekebishe wapi? Nawasilisha.

Zabibu Chungu

Mbona rahisi. Futeni doria zote, Dodoma iwe pepo.

Mtakwimu Mzee

Zabibu acha utani, japo modeli yake inasema hivyohivyo.

Mkuu, data yako inaweza kuwa nzima kabisa. OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) hapangi doria kwa kurusha shilingi. Gari linapelekwa simu zinakolia. Kwa hiyo ile koefishenti imebeba vitu viwili: askari wanavyopunguza wizi, na wizi unavyovuta askari. Cha pili kikizidi cha kwanza, unapata chanya. Mvua na bei ya mahindi haziwezi kuvitenganisha, maana hazikuambii kwa nini gari lilikwenda Chang'ombe na si Kizota.

Hujaanza wewe. Mwaka 1968 mchumi Gary Becker aliweka kwenye hesabu wazo kwamba mhalifu hupima anachopata dhidi ya uwezekano wa kukamatwa na ukubwa wa adhabu. Waliokwenda kulipima kwa data walikutana na chanya kama yako. Mwaka 1997 Steven Levitt akajaribu kupitia miaka ya uchaguzi: mameya na magavana wa Marekani huajiri polisi zaidi uchaguzi ukikaribia, na kalenda ya uchaguzi haijui habari za wezi. Wazo zuri, ila mwaka 2002 Justin McCrary akaonyesha kosa kwenye uzani wa hesabu zile, na lilipofanyiwa marekebisho uhakika ukayeyuka. Levitt akajibu kwa kutumia idadi ya askari wa zimamoto. Hiyo peke yake ikufundishe kuhifadhi faili za amri zako za kompyuta (code) vizuri.

Unachotafuta ni tukio lililobadilisha doria kwa sababu isiyotokana na wizi wa kata ile. Mfano safi ni Buenos Aires, Argentina. Julai 1994 jengo la jumuiya ya Wayahudi lililipuliwa, serikali ikaweka polisi wa kudumu mbele ya taasisi za Kiyahudi na za Kiislamu. Watafiti Di Tella na Schargrodsky wakahesabu wizi wa magari: kwenye mitaa iliyolindwa ulipungua kwa takriban asilimia 75, lakini mtaa mmoja au miwili mbele hakukuwa na badiliko la kuonekana. Askari aliwekwa pale kwa sababu ya bomu, si kwa sababu ya magari kuibwa.

Mgeni wa Iyumbu

Nimekusoma, mzee wangu. Je, nikitumia vikao vya Bunge? Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, askari wanajaa mjini.

Dada Klasta

Kaka, hapo kuna mtego. Bunge haliji na askari tu. Linakuja na wageni, gesti zinajaa, bodaboda na biashara za usiku zinachangamka. Nyumba zilizokuwa tupu zinapata watu, na vya kuibwa vinaongezeka. Juu ya hapo, Aprili hadi Juni ndipo mvua zetu zinaisha na mavuno yanaanza, hivyo njaa na fedha mfukoni vinabadilika kwa wakati mmoja na doria. Watafiti Klick na Tabarrok walifanya kitu cha namna hiyo Washington kwa kutumia siku za tahadhari ya ugaidi, na ilibidi waangalie idadi ya abiria wa treni za mjini ili wajue kama watu wenyewe wamepungua. Wewe abiria wa kuhesabu huna.

Geuza swali. Usiangalie kata zinazopata askari, angalia zinazonyang'anywa. Bunge likikaa, askari wa kulinda mjini wanatoka wapi? Kama wanachotwa kutoka vituo vya pembeni, basi Hombolo, Zuzu au Nala zinapoteza saa za doria ilhali mgeni wa Bunge hafiki huko. Data yako ndiyo itasema kama hilo hutokea. Endesha kwanza saa za doria dhidi ya siku za Bunge kwa kata za pembeni peke yake, ukiwa na dami (kigeu cha 0 au 1) ya kila kata na dami ya mwezi wa kalenda, ili mavuno yasijifiche ndani ya Bunge. Vikao vya Januari, Agosti na Novemba vitakusaidia hapo, maana havigongani na mavuno. F (kipimo cha nguvu ya uhusiano huo) ikiwa chini ya 10, acha njia hiyo usijitese.

Halafu weka jaribio la kujihakiki (placebo), kosa ambalo doria haipaswi kuligusa: utapeli wa simu. Gari la doria halimzuii tapeli aliyejifungia chumbani. Kama "athari" yako inaonekana hata kwenye utapeli, ujue umepima kitu kingine.

Mtakwimu Mzee

Dada Klasta kamaliza upande wa kulia wa mlinganyo, yaani doria. Upande wa kushoto, RB kwa wakazi, nako kunavuja.

RB si wizi. RB ni wizi ambao mtu aliona una maana kuutolea taarifa. Mkaguzi wa polisi kata akisogea karibu, aliyeibiwa redio ambaye zamani aliishia kwa mjumbe sasa anafika kituoni. Wizi umebaki palepale, RB zimepanda. Dawa yake ni kuuliza kaya moja kwa moja. Ukikadiria asilimia 10 ya kaya zimevunjiwa ndani ya miezi 12 na unataka kosa la asilimia 3 juu au chini, unahitaji kaya 384. Zidisha kwa 1.5 kwa kuwa utachukua kaya kwa makundi ya mitaa, unafika 576. Usiulize "mwaka uliopita", watu huvuta matukio ya zamani mbele. Uliza "tangu Nanenane iliyopita", siku hiyo kila mtu Nzuguni anaikumbuka.

Idadi ya watu nayo. Dodoma mjini ilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012 na 765,179 mwaka 2022, ukuaji wa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka. Ukishikilia namba moja kwa miezi 36, mwishoni umekosea kwa karibu asilimia 20, tena si sawa kwa kila kata. Sensa ilifanyika Agosti 23, wakati vyuo vikuu vingi viko likizo ndefu, kwa hiyo kata za wanachuo zinaonekana na watu wachache kuliko zilivyo Januari.

Na usije ukaongeza "waliokamatwa gawanya kwa RB" kama kipimo cha uwezekano wa kukamatwa. Matukio 100, waliokamatwa 20, ni asilimia 20. Karani akisahau kuandika 20, RB zinakuwa 80 na ukamataji asilimia 25. Wizi "umeshuka" na ukamataji "umepanda" kwa kalamu tu, nawe utaandika kwamba hofu imefanya kazi.

Fundi wa Modeli

Kwenye kompyuta: achana na OLS ya viwango. Kata nyingi zitakuwa na sifuri, na logi ya sifuri haipo. Kuongeza 1 ni kuficha taka chini ya mkeka. Tumia Poisson (modeli ya kuhesabu matukio) yenye dami za kata na mwezi, weka logi ya idadi ya watu kwa koefishenti iliyofungwa kwenye 1. Kwa Stata ni ppmlhdfe, kwa R ni fepois. Kata yenye sifuri miezi yote itaondolewa yenyewe, iripoti usikae kimya. Koefishenti ya −0.22 haisomwi asilimia 22, ni e kipeo −0.22 toa 1, yaani pungufu la asilimia 19.7.

Kama daftari za doria zinaonyesha muda, hesabu pia mara ngapi gari lilisimama, si saa peke yake. Mtafiti Koper aligundua Minneapolis, Marekani, kwamba kusimama dakika 10 hadi 15 ndiko kunakoacha utulivu mrefu zaidi baada ya askari kuondoka.

Mgeni wa Iyumbu

Mungu awabariki. La mwisho: makosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika) nayaweka klasta, yaani kwa makundi, kwa kata?

Dada Klasta

Ratiba ya doria inapangwa kata au kituoni?

Mgeni wa Iyumbu

Kituoni. Kwenye data yangu viko 9.

Dada Klasta

Basi klasta ni kituo. Kwa 9, fomula ya kawaida itakupa makosa madogo kuliko haki, tumia bootstrap ya klasta (kurudia hesabu mara nyingi kwa kubahatisha uzani wa kila kituo). Chagua uzani wa Webb, usitumie Rademacher (+1 au −1 tu): kwa klasta 9 ule unatoa michanganyiko 512 tu, hata ukiagiza marudio 9,999 utakuwa unazungukia palepale.